Si Darajani, ni Kwenye Gogo

Uvumi ule ulianzia kisimani, na Naliaka hakuweza kuutoa kichwani. Wanawake walisema Mto Lusumu mwaka huu unadai mtu, na yeyote atakayeunyang'anya mto mtu wake atabebwa yeye badala yake. Naliaka alienda na maneno hayo shuleni, akarudi nayo, akalala nayo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, wa zile mvua za Elinino. Kabras nzima ilikuwa tope. Kila asubuhi mama yake, Risper, alisimama mlangoni akirudia yale yale.

"Mpite darajani. Hata kama ni mbali, mpite darajani. Naliaka, umenisikia?"

"Ndiyo, mama. Tunapitanga huko tu."

Ulikuwa uongo. Yeye na mdogo wake Isaiah, wa darasa la pili, walivuka juu ya gogo lililolazwa mtoni chini ya shamba. Ng'ambo ya pili matrela ya miwa yaliyumba kwenye tope na kudondosha miwa mitamu. Darajani hakukuwa na miwa.

Wiki hiyo mjomba wao, Lazarus, alikuwa nyumbani likizoni. Kazi yake ilikuwa Mombasa, kwenye mashua ya kuokoa watu baharini. Alipoona mvua ile, alitundika barazani kamba ndefu, mwishoni akafunga jerikeni yenye maji kidogo ndani. Majirani walimcheka.

"Lazarus, bahari iko wapi hapa? Ama unataka kuokoa mahindi?"

"Maji ni maji," alijibu.

Ijumaa, baada ya masomo, Naliaka alivuka gogo akiwa na rafiki yake Swafia. Isaiah alikuja nyuma, fungu la miwa begani. Gogo lilikuwa limelowa, lateleza kama kambare. Fungu likamvuta upande, akaenda nalo. Chubwi!

Maji mekundu yalimzungusha, yakamtupa kwenye matawi ya mti ulioangukia mtoni. Akayang'ang'ania.

"Naliakaaa!"

Naliaka alivua viatu aruke. Swafia akamshika sketi kwa mikono miwili.

"Wallahi huendi! Mto utakuchukua wewe! Kimbia ukamwite mjomba wako. Mimi nitabaki hapa nimwongeleshe."

Naliaka alipanda mlima mbio, kifua kikimwaka. Alimkuta mjomba uani, na mama yake akichambua maharagwe.

"Mjomba! Isaiah ameanguka mtoni!"

Lazarus tayari alikuwa na kamba mkononi. "Wapi?"

Naliaka alimtazama mama yake. Ulimi ukatangulia.

"Da... darajani."

Mjomba hakuuliza tena. Alishika njia ya darajani, mbio, huku akiita wanaume. Mama akamfuata akipiga nduru. Naliaka alibaki amesimama. Aliona migongo yao ikienda, ikienda, upande usiokuwa na Isaiah. Hapo alielewa kwamba ni yeye, si mto, anayemuua ndugu yake.

"Mjombaaa! Rudi! Nimedanganya! Si darajani, ni kwenye gogo!"

Lazarus aligeuka. Alikata katikati ya mahindi, akayavunja, akashuka.

Isaiah alikuwa bado yuko, lakini mkono mmoja tu ndio ulioshika. Kutoka ukingoni Swafia alikuwa akimwambia, sauti imekauka, "Hesabu na mimi, Isaiah. Hesabu." Wanaume wawili walifika wakasimama mbali.

"Huyo ni wa mto," mmoja alinong'ona. "Ukimtoa, utaingia wewe."

"Mimi siingii," Lazarus alisema. Alifunga kamba kwenye shina la mti, akawatupia sehemu yake. "Hakuna anayeingia. Shikeni na mkae chini!"

Alirusha jerikeni. Maji yale kidogo ndani yaliipa uzito, ikaruka mbali, lakini ikapita nyuma ya Isaiah. Akaivuta. Tawi likalia, ka! Akarusha tena, juu kidogo, na mto wenyewe ukaileta hadi kifuani mwa mtoto.

"Ikumbatie kama mama yako! Usiangalie maji, niangalie mimi!"

Isaiah alikumbatia. Wakavuta. Alifika ukingoni akitapika maji mekundu, na neno lake la kwanza likawa, "Na miwa yangu?"

Mama, aliyekuwa amefika nyuma yao, alicheka, kisha akalia.

Jioni, karibu na moto, Naliaka alingojea kiboko. Hakikuja. Mjomba ndiye aliyesema.

"Mto haudai mtu, mwanangu. Anayechukuliwa pamoja na mwenzake ni yule anayeruka bila kamba. Swafia alikushika sketi, akakuokoa. Lakini sikiliza. Baharini swali letu la kwanza ni 'wapi?' Tukidanganywa hapo, mashua nzuri na watu hodari huenda kuokoa maji matupu. Leo nilikuwa nakwenda kuokoa maji matupu."

Naliaka aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mjomba. Nisamehe, mama."

Risper alimvuta karibu, akamkalisha yeye na Isaiah mbele yake. Kabla ya kupakua ugali aliwataka warudie, neno kwa neno, na hadi leo watoto wa boma lile hurudia:

Usivuke mto juu ya gogo.
Usifuate miwa ya trela.
Usibebe mzigo begani penye utelezi.
Usiruke majini kumfuata anayezama.
Usiamini uvumi wa kisimani.
Usiseme darajani kama ni kwenye gogo.