Tundu Chini ya Kiti cha Nahodha

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa fundi wa boti, na mimi nilishona mito ya viti vya boti kwenye kona ya karakana yake. Tulitaniana kutwa nzima. Yeye aliniita Sindano, mimi nikamwita Gundi, maana gundi ilimganda mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na msemo mmoja niliousikia mpaka ukanichosha: "Maji hayaonekani pale yanapoingilia." Boti ikijaa maji nyuma, tundu laweza kuwa mbele kabisa. Fundi mvivu huziba penye unyevu tu, kesho mwenye boti anarudi na matusi.

Binti yake tulimwita Chiriku. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu alianza kuongea kabla hajaota meno na hakuwahi kunyamaza tena. Akitoka shule alikuja kukaa juu ya sponji zangu na kunisimulia nani kapigwa, nani kalia, mwalimu gani kavaa viatu viwili tofauti. Alikuwa na miaka sita. Mimi sikuolewa wala sikujaliwa mtoto. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa pili, na aliyeniuliza nilimjibu kwamba sijali.

Jumanne moja asubuhi, muuza vioo wa mjini alituletea boti juu ya trela. Ilikuwa nyeupe, ya faiba, yenye injini mbili.

"Inavuja," alisema. "Ziba yote, fundi. Usiache hata moja."

Niliona kwamba hakuigusa boti yake mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni, mpaka ikashushwa.

Shemeji aliiweka juu ya magogo, akafanya kama afanyavyo siku zote: aliijaza maji kwa ndani, ili aone yatatokea wapi kwa nje. Maji yenyewe aliyatia bluu ya kufulia nguo yapate kuonekana. Kisha akalala chali chini ya boti na penseli nyekundu. Tone la kwanza lilitoka kwenye skrubu ya ngazi. La pili lilitoka kwenye mpira unaozunguka mhimili wa injini. Aliyachorea duara matundu hayo, akamwaga maji, akaziba, akangoja gundi ikauke, akajaza tena.

Kesho yake maji yalikuwa yamepungua vidole viwili. Sakafu ilikuwa kavu kabisa.

"Yamekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nitayapata tu. Maji hayana mabawa."

Aliyamwaga yote, akaingia ndani na tochi. Chini ya kiti cha nahodha alikuta tundu dogo, la kupitisha ncha ya penseli. Akaweka kidole, halafu akakiondoa upesi.

"Linavuta," akasema.

"Labda limekupenda," nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Aliliziba kwa gundi, akalishindilia kwa dole gumba. Ilipokauka, asubuhi iliyofuata, akajaza maji ya bluu kwa mara ya tatu. Nilimtazama akiweka alama ya penseli pale maji yalipofika. Saa sita mchana maji yalikuwa chini ya ile alama.

Chiriku akaja kutoka shule. Akakaa juu ya sponji. Hakusema kitu.

"Leo ulimi umeusahau darasani?" nikamtania.

Akafungua mdomo anijibu, akakohoa. Maji yakamtoka mdomoni na puani, yakalowesha sponji yangu nyeupe. Yalikuwa ya bluu.

Hospitalini walimtoa maji kifuani, beseni zima. Daktari akauliza mtoto alizama wapi. Dada yangu akaapa kwamba hajakaribia hata ndoo. Shemeji alilitazama lile beseni, akatoka bila kuaga, na mimi nikamfuata. Alipofika karakanani aling'oa kizibo, akamwaga maji yote ya boti. Akaichokonoa gundi ya chini ya kiti kwa bisibisi mpaka tundu likawa wazi tena. Akampigia dada simu.

Chiriku alikuwa bado anajaa.

Muuza vioo alikuja bila kuitwa. Akasimama palepale mlangoni.

"Wangu amelala vizuri tangu jana," akanong'ona. "Nisamehe, fundi. Mwanzoni nililiziba mwenyewe, nikamzika mke wangu. Mwezi huu mwanangu naye akaanza kukohoa."

Shemeji akamkaba shati. "Ndiyo ukaniletea mimi?"

"Wewe ungefanyaje?" Hakujitetea hata kwa mkono. "Kulizibua hakusaidii. Mpaka mkono mwingine uzibe."

Shemeji akamwachia. Hakuthubutu kunitazama. Dada ndiye aliyethubutu, alipokuja kutoka hospitalini na kuelezwa yote. Alipiga magoti kwenye vumbi la faiba, dada yangu mkubwa, mimi mdogo wake.

"Wewe unaishi peke yako," alisema. "Kwako hakuna mtu."

Liliniuma neno lile. Nikafikiri: nikiziba mimi, maji yatanijia mimi. Na yaje. Nilipanda botini, nikapaka gundi, nikalishindilia tundu kwa dole gumba la kulia, lile lenye kovu la sindano ya cherehani lililokatiza katikati. Nililihisi likivuta. Likanyonya kidole kama mtoto mchanga, kisha likatulia.

Jioni dada akapiga simu huku akicheka na kulia. "Anaongea! Anamsimulia nesi habari za shule, nesi hana pa kupumua!"

Nililia kwa furaha. Kisha nikafua mashuka, nikalala juu yake, nikangoja.

Siku ya kwanza kifua changu kilikuwa kikavu. Siku ya pili kikavu. Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nisikie maji. Sikusikia kitu. Siku ya tatu, saa saba mchana, simu ikalia. Alikuwa shemeji. Nyuma yake nilimsikia dada akipiga yowe.

Tulimwosha Chiriku pamoja, mimi na dada. Mgongoni, chini ya bega la kushoto, alikuwa na doa la bluu. Tukalisugua kwa sabuni. Halikutoka. Dada akainama alitazame vizuri. Lilikuwa alama ya dole gumba, na mstari mmoja umeikatiza katikati. Nikauficha mkono wangu ndani ya nguo, lakini alikwisha kuuona.

Muuza vioo alikuja mazikoni. Nilimvuta pembeni.

"Hakuwa akiishi kwangu," nikamwambia. "Kwangu hakuna mtu."

"Mke wangu alikuwa kwa wazazi wake, mwendo wa siku mbili," akanong'ona. "Mimi nilikuwa nyumbani na mama yangu. Maji hayakumgusa mama. Nani aliwaambia yanatafuta nyumba?"

Nilisimama pale mpaka watu wakaondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza nampenda nani kuliko wote. Wangeniuliza, ningejibu kwamba sina mtu, na ningekuwa mwongo.

Shemeji hagusi tena gundi. Boti bado iko karakanani, na muuza vioo hataki kuisikia. Dada alikaa wiki tatu bila kunisemesha. Jana amekuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akanishika mkono. Sikuwa na mwingine duniani. Alitaka kuniambia kitu, akakohoa kwanza. Leso yake aliisahau, na doa lake la bluu nimelitazama usiku kucha.

Leo asubuhi nimeulizia fundi mwingine. Yuko mmoja ng'ambo ya daraja. Wanamsifu kwamba ni hodari, na ana binti mcheshi anayeshinda naye kazini. Nimempigia simu. Nimemwambia boti inavuja, azibe yote, asiache hata moja.