Bomba Lililolegea Mchoroni

YAH: OMBI LA KUONDOA KISHIKIO KIMOJA KISICHO CHA LAZIMA, TANURI NAMBA MBILI.

Ndivyo barua ilivyosema, na mihuri yake mitatu. Kishikio chenyewe kilikuwa cha katikati, kinachobeba mabomba ya mafuta ndani ya tanuri la kiwanda cha kusafishia mafuta. Ila mafundi wa kuyeyusha na kumimina chuma walichelewa kukileta, na mgeni rasmi alishapangiwa siku ya kukata utepe.

Mchoraji wa mitambo wa kiwanda alijua bomba likishaiva moto hulegea kama mshumaa juani. Alimweleza meneja. Meneja akamuuliza, kwa upole kabisa, kama kazi imemchosha. Basi mchoraji akakifuta kishikio, akachapisha mchoro, akaenda kula.

Aliporudi, bomba alilolichora limenyooka lilikuwa limelegea katikati. Kidogo tu, unene wa uzi. Akachapisha mchoro mwingine. Nao ukalegea, mchana kweupe, akiutazama. Katibu muhtasi aliyekuja kuuchukua aliugusa, akaurudisha mkono haraka na kupuliza vidole.

"Karatasi gani hii ya moto?" akanong'ona.

"Mashine hiyo," alisema mchoraji. Akasaini.

Jioni shemeji yake, fundi wa kuchomelea, alipita nyumbani kumsalimia dada yake, yaani mke wa mchoraji. Yeye ndiye angesimamia zamu ya kuwasha tanuri, na alikuwa ameliona pengo la kishikio ndani yake. Alisubiri dada aingie jikoni.

"Shemeji, kile cha katikati umekisahau au umekitoa?"

"Kimetolewa kwa kufuata taratibu."

"Taratibu mimi sizijui, nakujua wewe. Nisimame pale tanurini?"

Jikoni maji yalikuwa yanamiminwa. Mchoraji aliyasikiliza mpaka yakaisha.

"Simama."

Utepe ukakatwa. Makofi yakapigwa. Tanuri likawashwa. Siku ya nne bomba lililegea. Likapasuka.

Ripoti ililiita "hitilafu ndogo ya kiutendaji". Mgeni rasmi alileta rambirambi zenye namba ya kumbukumbu.

Siku waliyotoka kumzika shemeji, mchoraji alimkuta mkewe amekaa kitandani, macho yameelekea juu ya dirisha. Fimbo ya pazia, chuma kitupu, ilikuwa imelegea katikati. Hakuna aliyeigusa. Akainyooshea mkono. Ilikuwa ya moto.

"Kilitokea nini?" aliuliza mkewe, bila kugeuka.

Mchoraji alikitoa kishikio akijua, akasaini, kisha akamwambia shemeji yake asimame pale.