Sanduku la Uvira

Jumamosi moja ya Novemba 1995, saa tisa alasiri, Maman Rolande alifungua sanduku la dawa ili aongeze kopo moja la dawa za malaria. Akakuta dawa nyingine zimepungua.

Sanduku lilikaa chumba cha nyuma cha duka la Sudi, mtaa wa Saint-Josse huko ughaibuni, pembeni ya choo. Jioni hiyo lingepanda ndege kwenda zahanati ya kwao Uvira, ambako asiye na kitu hutibiwa sawa na tajiri.

"Ni Sudi," alisema Maman Thérèse hata hajaketi. "Duka ni yake, funguo ni yake. Ameuzisha!"

Sudi, Mrundi wa Bujumbura, aliendelea kupanga samaki wakavu. Rolande alipekua magunia yake ya unga mpaka viwiko vikawa vyeupe. Hakuna kitu.

Papa Désiré, président wa chama chao cha kuchangia dawa, alinyoosha tai. "Bon, tuache. Tutakusanya ingine."

"Tuache? Papa, si ni wewe ulisema Uvira hakuna mugonjwa atarudishwa ku mulango?" aliuliza Rolande.

Akarudi sandukuni. Dawa za malaria zipo. Antibiotiki, zinazouzika kama maandazi ya moto, zipo. Vilivyokosekana ni vidonge vya ugonjwa wa sukari tu.

"Mwizi huyu hauzishi," alisema. "Anameza."

Chai ikaletwa. Rolande, ambaye macho yake hayana adabu, aliangalia vikombe. Thérèse alitia sukari mpaka kijiko kikataka kusimama chenyewe. Désiré akasukuma bakuli.

"Ninafunga sukari, juu ya Uvira."

Kisha akaenda chooni. Akarudi. Chai haijapoa, akaenda tena.

Aliporudi, Rolande alikuwa amesimama mlangoni.

"Papa, unaenda choo kushinda mwanamuke wa mimba. Fungua koti."

Désiré alicheka peke yake, akaacha. Akatoa pakiti moja, nyingine, nyingine.

"Siko na papiers za kuishi huku, donc siko na mutuelle ya kulipia matibabu. Nilifika mpaka ku mulango ya hospitali, nikaogopa, nikarudi. Alors, président wa kutoa dawa anaweza kuomba dawa?"

"Na bagonjwa ba sukari ba Uvira?" aliuliza Rolande.

Désiré alifunika uso.

Thérèse akamgeukia Sudi kwa ukali. "Na wewe ulinyamaza juu ya nini?"

"Nilimuona, Maman. Mtu anaficha ugonjwa wake, mimi nimvue nguo mbele yenu? Heri mniite mwizi."

Rolande alijifuta mikono kwenye kitenge. Unga wa Sudi haukutoka.

Alirudisha pakiti sandukuni, akabakiza moja mfukoni mwa Désiré.

"Lundi, kesho kutwa, tunaenda naye kwa docteur, sisi wote. Kama banafunga mulango, batufungie pamoja." Akainamisha kichwa. "Sudi, utatusindikiza?"

Sudi alichukua koti lake la baridi msumarini, akalifuta vumbi, akalitundika tena likiwa tayari kwa safari hiyo.

Chai ya Thérèse ilipoa mezani, tamu, hakuinywa.