Ndege ya Walasi

Mulei alimtongoza Kavindu kupitia spika, na Mtito Andei nzima ikapata taarifa.

Alikuwa akifunga vyombo vya sauti vya mkutano wa injili karibu na kituo cha petroli. Mabasi mawili yalikuwa yameteremsha abiria, na moshi wa nyama choma ulikuwa unagombana na ule wa dizeli. Akamnong'oneza mwenzake, "Yule wa gauni la manjano pale kwa chipsi ataniua." Maikrofoni ilikuwa wazi. Abiria wakageuka. Dereva wa lori akapiga honi. Mchungaji akafumba macho, bila shaka kwa maombi.

Mwenye gauni alitembea hadi jukwaani, chupa ya sosi bado mkononi.

"Nikishakuua, nani atazima hii mashine?"

"Chukua namba yangu," Mulei akasema. "Uulizie hali ya maiti."

Aliiulizia kila jioni. Kufikia msimu wa mvua walikuwa wakiitana mwendwa, mpenzi kwa Kikamba, na shida ilikuwa imebaki moja tu, nayo ilikuwa angani.

Kavindu alilelewa Ikutha na nyanya yake, Susu Nzilani. Babake Susu, mzee Kyule, alipelekwa jangwani wakati wa vita vya pili vya dunia, kazi yake kupakia mabomu kwenye ndege. Huko akapata rafiki, rubani Mwaustralia aliyeitwa Wallace. Ikutha humwita Walasi. Alikuwa mtoto wa wafuga kondoo. Alijifunza kuruka kwao kwa kindege kidogo, akamtapikia mwalimu wake, kisha akapelekwa Rhodesia kuzoeshwa injini mbili, na mwishowe akakabidhiwa ndege ya mabomu na vijana wenzake wa kufa nao. Hakuwa na mchumba, basi kila mara alimwuliza Kyule habari za mchumba wake. "Vita vikiisha," akaahidi, "nitapita juu ya kwenu nimwone." Akaruka na mabomu aliyoyapakia Kyule mwenyewe. Hakurudi.

Ahadi ndiyo iliyorudi. Siku Kyule alipooa, ndege ilinguruma juu ya boma, na mbingu ilikuwa tupu. Susu alipochumbiwa, vivyo hivyo. Mamake Kavindu aliolewa bila ngurumo yoyote, na mumewe akatoka kwenda kununua sukari. Anangojewa hadi leo. Ndipo Susu akapitisha sheria: bila ndege, hakuna harusi.

"Kwani Walasi hana ratiba?" Mulei aliuliza kwenye simu.

"Usimcheke."

"Simcheki. Lakini mwendwa, mimi kazi yangu ni sauti."

"Mulei, hapana."

"Nimenyamaza."

"Kunyamaza kwako nakujua."

Jumamosi ya kujitambulisha, Mulei alifika kwa Susu na mjomba wake Jonah, yeye mwenyewe ndani ya suti ya buluu ambayo mikono yake ilikuwa imekata tamaa karibu na viwiko. Adhuhuri, Kavindu alienda ghalani kuchota mbaazi. Nyuma ya gunia akakuta spika nyeusi.

Kabla hajafungua mdomo, vifuniko vya sufuria vikaanza kutetemeka.

Mngurumo ulitoka upande wa Mto Athi, wa chini, wa polepole, injini moja ikikohoa kama mtu mzima kanisani. Kuku wakaingia chini ya ghala bila kulia. Mbwa akalala kifudifudi. Mbinguni hapakuwa na hata kunguru. Susu akavua kitambaa cha kichwa, akakipunga juu, machozi yakimtiririka.

"Karibu, Walasi. Huyu hapa."

Mulei alikuwa anatokwa jasho. Kavindu aliliona, akalihesabu kuwa hatia. Akamvuta hadi langoni.

"Umemfanya Susu apungie spika mkono."

"Sikuiwasha."

"Mulei, toka."

"Nakuambia sikui—"

Lango likafungwa. Namba yake nayo.

Jumatatu Kavindu aliamua kumwonyesha Susu ule uongo, hata kama ungemvunja moyo. Akaingia ghalani, akaiinua spika. Ilikuwa nyepesi mno. Akafungua mgongoni: pale pa betri palikuwa patupu, na ghala la Susu halijawahi kuuona umeme. Akaifungua namba ya Mulei. Akapiga simu.

"Betri iko wapi?"

"Ilikuwa mfukoni mwangu," Mulei akajibu. "Ndiyo sababu nilikaa upande siku nzima. Niliificha spika asubuhi, nikamwona Susu anafagia uwanja kwa ajili yangu. Nikashindwa kumdanganya, nikaichomoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinifungia simu, mama."

Kavindu akataka kucheka, lakini ndani ya simu kitu kilikuwa kinanguruma.

"Mulei, zima hiyo."

"Si mimi." Sauti yake ilikuwa imekonda. "Watu wote hapa kituoni wanatazama juu. Hakuna kitu, Kavindu. Inakohoa."

Kavindu akaketi juu ya gunia. Kichwa kilikuwa kimetulia.

"Basi niulize sasa, Walasi akiwa bado anasikia."

Akamwuliza. Mngurumo ulikuwa mkubwa, lakini alisikia kila neno.

"Ndiyo," akasema kwa nguvu, wasikie wote wawili.

Injini ikakatika ghafla, kama iliyozimwa kwa mkono. Ukabaki upepo, mrefu, wa kitu kinachoshuka. Kisha kimya.

"Kavindu," Mulei akanong'ona, "kuna mtu amenishika mkono. Simwoni."

"Usiuvute," Kavindu akasema. "Msalimie. Ni mgeni wetu."