Mshamu na Farasi Aliyetolewa Mlangoni

Zamani zile kila mji wa pwani ya kaskazini ulipokuwa na mfalme wake, ukuta wake na jeuri yake, mji wa Tungwi ulisifika kwa hariri na kwa farasi. Hariri waliifuma wenyewe. Farasi walikuja kwa merikebu kutoka Arabuni, wakabadilishwa kwa pembe na ambari, na wengi wao walikufa kwa homa ya bara kabla hata hawajazoea majani ya huku. Ndiyo maana Tungwi mwenye farasi alikuwa mtu kamili, na aliyefiwa na wake alirudi kuwa nusu mtu. Mpango wa kipuuzi kabisa, lakini ndivyo walivyoishi.

Mshamu wa Kitoka alikuwa mmoja wa hao nusu watu. Farasi wake alipokufa, nafasi yake kikosini ilipewa mwingine, naye akarudi kwenye kazi ya kukwangua ngozi za kifaru na kuzikaza ziwe ngao. Baba hakuwa naye, na mama alimfia akiwa mchanga. Mwana Esha, bibi mpole wa mtaa wa juu, ndiye aliyempa ziwa pamoja na mwanawe wa kumzaa, Shekuwe. Huyo Shekuwe sasa ndiye aliyekuwa amiri wa wapanda farasi wote wa mfalme, mtu wa joho jeupe na jambia la fedha, na hakuna asiyejua kwamba yeye na Mshamu ni ndugu wa kunyonya.

Basi palikuwa na desturi Tungwi. Farasi wa mfalme akilemaa hachinjwi, kwa kuwa amekwisha kubeba watu vitani. Hutolewa Mlango wa Kaskazini bila hatamu, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mtu yeyote akimwokota, mzigo ni wake. Akimponya hata farasi akauzunguka ukuta mzima siku ya Idi, mpandaji mgongoni, watu wakitazama, huyo mtu humiliki farasi na hupewa nafasi kikosini. Desturi nzuri kuisikia. Kwa kweli waliofaidi mara nyingi walikuwa fisi.

Mwaka ule alitolewa Nuhasi, farasi jike wa rangi ya shaba, kipenzi cha Shekuwe. Kipenzi kwa maneno tu, maana Shekuwe alimpanda kwa lijamu kali ya chuma na visigino visivyo na huruma. Siku ya kuwafukuza wezi wa ng'ombe, farasi alijikwaa kwenye mawe ya matumbawe, na Shekuwe akazidi kumkimbiza hata kano la mguu wa mbele wa kushoto likavimba mithili ya muhogo.

"Huyu kwisha," alisema Shekuwe, akamkabidhi kwa mabawabu bila kumtazama usoni.

Mshamu alimkuta nje, amesimama na kichwa kwenye mbao za mlango, anangoja kufunguliwa. Moyo ulimuuma Mshamu. Akachana nusu ya kikoi chake, akamfunga shingoni, akamwambia, "Twende zetu, bibi. Hapo hawafungui."

Walimwambia amchome kano kwa chuma cha moto, kama ilivyokuwa dawa ya siku zote. Akakataa, maana aliwahi kuona farasi wake wa kwanza akichomwa, na kilichomtoka ni kilio, si ugonjwa. Badala yake alimpeleka horini kila asubuhi, akamsimamisha kwenye maji ya chumvi mpaka magotini, kisha akamkanda mguu kwa tope baridi la mikokoni na kumfunga kwa kaniki kuukuu. Mchana alimpa mtama uliolowekwa. Kabla ya lolote aliweka kiganja juu ya kano na kusikiliza joto lake. Likiwa moto, siku hiyo hapana mwendo. Likipoa, walitembea kwenye mchanga mbichi, yeye mbele na farasi nyuma.

Mitaani wakamcheka. "Mshamu kaoa!" waliitana. "Mahari mtama, fungate horini!" Na bibi harusi mwenyewe alimng'ata bega si mara moja.

Mvua zikaja zikaisha. Uvimbe ulinywea. Alipompanda kwa mara ya kwanza alikaa mgongoni bila tandiko na bila chuma, na kamba laini tu puani. Nuhasi alitetemeka mwili mzima, akingoja maumivu. Maumivu hayakuja. Mshamu alikaa tu, akimsemesha, mpaka farasi akavuta pumzi ndefu na kupiga hatua mwenyewe. Tangu hapo walifundishana. Mshamu akiegemea kulia, farasi huenda kulia; akilegeza mkono, huongeza mwendo; akishusha pumzi, husimama. Naye Mshamu alijifunza sikio la farasi: likigeuka nyuma mara mbili, mguu umechoka, na mwenye akili ateremke.

Siku ya Idi waliuzunguka ukuta mzima. Wanawake walipiga vigelegele kutoka kwenye madari, na wale wale waliocheka wakamrushia mashada ya asumini. Mfalme alisema mbele ya watu, "Amiri Shekuwe, ulichokitupa wewe, ndugu yako amekiokota." Watu wakaangua kicheko. Shekuwe naye akacheka, tena akawa wa kwanza kumkumbatia Mshamu. Laiti angenuna! Mtu akinuna, angalau unajua umesimama wapi naye.

Haukupita mwaka, watu wa Ndambwe wakaja kwa mishale na mikuki, wakauzingira mji upande wote wa nchi kavu. Chakula kikapungua, homa ikaingia mabandani, farasi wakafa mmoja baada ya mwingine. Nuhasi peke yake alibaki na nguvu za kukimbia. Ndipo Shekuwe alipomjia Mshamu.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, "wafugaji wa Visima vya Walde ni marafiki zetu tangu enzi za babu. Wakipata habari, watawapiga Wandambwe mgongoni. Hakuna wa kuwafikia ila wewe na farasi wako."

"Nitakwenda," alisema Mshamu. "Twende kwa kadhi tukaape."

Ndivyo ilivyokuwa sheria. Mjumbe wa vita aliapa msikitini kwamba atarudi, na mwenye mlango aliapa kwamba atamfungulia, kadhi na mfalme wakishuhudia. Shekuwe akamtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Tuape? Mimi na wewe? Kama watu baki? Mama akisikia atasema maziwa yake yalikuwa maji." Kisha akamshika bega. "Tena, yakhe, akijua kadhi atajua muadhini, na akijua muadhini atajua mkewe. Mpaka adhuhuri Wandambwe wote wamesikia."

Mshamu aliona haya. Ni kweli kwamba huko kwao ndugu wa kunyonya hawaapishani. Kuapishana ni kumtukana mama. Hakusema tena neno la kiapo. Hilo ndilo kosa lake, na kosa lenyewe lilitokana na heshima.

Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, Shekuwe mwenyewe alimfungulia mlango mdogo wa ufukweni. "Nitakuwa hapa hapa ukirudi," alisema. Mshamu akalegeza mkono, na Nuhasi akaondoka juu ya mchanga wenye maji. Walinzi wa Ndambwe walistuka wamechelewa. Mishale miwili ilipita kando. Mshamu aliinama kushoto, farasi akapinda kushoto hata kabla hajamaliza kuinama, wakapotea vichakani.

Walifika visimani kesho yake jua likielekea magharibi. Hapakuwa na mtu. Maboma yalikuwa yameanguka, majivu yamepoa siku nyingi, na majani yameota kwenye njia za ng'ombe. Kando ya kisima alikaa bibi kizee mmoja, Dhaki kwa jina, na ng'ombe mwenye mimba aliyeshindwa safari. Alimngoja mwanawe aje kuwachukua.

"Wako wapi watu?" aliuliza Mshamu.

"Wamehamia mtoni, mbali, tangu mvua zilipokatika. Hukuambiwa, mwanangu? Tuliwaaga watu wenu."

"Mlimwaga nani?"

"Amiri wenu, wa joho jeupe na jambia la fedha. Alikuja mwenyewe, akala nyama yetu, akatutakia safari njema."

Mshamu alikaa chini pale pale. Shekuwe alijua. Alimtuma kwenye majivu, akijua ni majivu. Kichwani yakamjia maneno yote: ndugu yangu, mama akisikia, nitakuwa hapa hapa. Bibi akamkaribisha maziwa, naye akayarudisha bila kuyaonja.

Akaweka kiganja kwenye kano. Joto. Si kali, lakini lilikuwapo. Haki ya farasi ilikuwa kupumzika. Lakini ndani ya ukuta ule alikuwamo Mwana Esha, na watoto, na watu wasiojua wanalindwa na nani. Usiku ule alimkanda Nuhasi kwa tope la kisimani, na kulipopambazuka wakarudi, mara akipanda, mara akikimbia kando yake.

Walipofika Tungwi, mlango mkubwa ulikuwa wazi. Bendera za Ndambwe zilikuwa juu ya ukuta, na ngoma ya amani ikilia. Chini ya mlango, karibu na bwana wa Ndambwe, alisimama Shekuwe amevaa kilemba cha kifalme. Bei yake ya kuwafungulia mlango ilikuwa ndiyo hiyo.

"Msaliti huyo!" watu walipiga kelele kutoka juu ya ukuta. "Ndiye aliyewaonyesha mlango wa ufukweni! Ametutorokea na farasi wetu wa mwisho!"

Mawe yakaanza kuanguka. Mshamu akamwona Mwana Esha kati yao, ameshika ukingo wa ukuta kwa mikono miwili.

"Mama!" alilia. "Yeye ndiye aliyenituma!"

"Mlikula kiapo wapi?" aliuliza Mwana Esha. "Mbele ya kadhi yupi? Nani alishuhudia?"

Mshamu alitikisa kichwa.

"Basi maziwa yangu nimeyaondoa kwako. Usiniite mama."

Kati ya Mshamu na Shekuwe palikuwa na uwanja mtupu wa mchanga, na walinzi walikuwa wameegemea mikuki yao, wameshiba ushindi. Mkuki wa Mshamu ulikuwa mkononi. Nuhasi aliisikia nia yake kabla hajaitamka. Alikusanya miguu, akashusha kichwa, tayari. Sikio likageuka nyuma mara moja. Likageuka tena.

Mshamu alijua. Mbio moja tu, na kano lingekatika, na Shekuwe angekufa, na pengine ukweli ungesikika. Farasi asingekataa. Angekimbia mpaka aanguke, kwa sababu mara hii aliyemwomba ni yeye. Hilo ndilo lililomtoa machozi, kuliko mawe, kuliko hata maneno ya mama.

Akashusha pumzi. Akateremka mbele ya maadui na ndugu, akauchomeka mkuki mchangani, akaugeuzia mji mgongo.

"Mwacheni akimbie," alisema Shekuwe kwa sauti ya watu wote kusikia.

Na ndivyo ilivyobaki. Miaka mingi baadaye, Shekuwe na Wandambwe wote wakiwa wamekwisha kuoza, wanawake wa Tungwi waliimba harusini juu ya Mshamu aliyekimbia na farasi wa mji, vumbi likatimka hata wa ukutani wasimwone. Wimbo mtamu, na watoto waliupenda. Lakini siku ile vumbi halikutimka. Mshamu aliondoka kwa miguu, polepole, kamba begani, akielekea kaskazini, na kila mara farasi aliposimama kuupumzisha mguu, naye alisimama.