Uzi wa Kumpimia Yusra

Harufu ilitangulia. Khalfani alilaza kipande cha filamu ya zamani kwenye skana, akafunga kifuniko, na saa nne hiyo ya asubuhi studio yake ya picha, pale Lushoto mjini, ikanuka karafuu maiti.

"Mama Shamsa, umejipaka nini leo?"

"Mie? Sabuni tu, mwanangu. Acha utani, harusi kesho."

Ilikuwa picha ya binti mdogo wa mama huyo, Yusra, amesimama peke yake mbele ya migomba. Mama alitaka ikuzwe ilingane na bibi harusi mwenyewe, isimamishwe mlangoni mwa ukumbi. Akatoa uzi mweupe wenye fundo.

"Urefu wake huo. Nimempima alfajiri, amelala. Sikutaka ajue."

"Umempima amelala? Chali?"

"Chali. Kwani vipi?"

Khalfani aliupokea uzi. Kwao, aliyelala chali hupimwa kwa uzi siku moja tu: siku ya kukatiwa sanda. Hata hivyo akaunyoosha kwenye futi. Sentimita mia na hamsini na nane. Akaandika kimo hicho, akabonyeza.

Yusra akakua kwenye kioo cha kompyuta. Nyuma yake, kwenye migomba, sasa alisimama mtu aliyefunikwa shuka jeupe toka utosini.

"Nani huyo?" mama alinong'ona. "Punguza, Khalfani. Punguza!"

Akapunguza nusu. Yusra akapungua, yule hakupungua. Akapunguza tena, na binti akasinyaa hadi kimo cha mtoto, hadi kimo cha kidole, na mwenye shuka akainama taratibu juu yake kama mtu anayeokota kitu chake, na skana, ambayo Khalfani alikuwa ameshaichomoa waya, ikaendelea kukwaruza, kriii, kriii, na harufu ile ikawajaa kooni.

Simu ya mama ikaita. Shamsa, binti yake mkubwa, kutoka nyumbani.

"Mama, Yusra haamki. Na miguu yake, mama… ilikuwa inafika mwisho wa kitanda. Sasa haifiki hata katikati."

"Ongeza!" mama alilia. "Mrudishe mwanangu!"

Khalfani akaandika kimo cha uzi, akabonyeza, akabonyeza tena. Yusra hakuwepo tena kwenye picha. Aliyekua ni mwenye shuka, akakua, akajaza kioo chote.

"Alhamdulillahi!" Shamsa alipaza sauti simuni. "Ameamka, mama. Anainuka."

Kisha akanong'ona.

"Mama… mbona kichwa chake kinagusa dari?"