Nilimziba Mdomo Mke Wangu

Ndugu wasomaji, mimi ni fundi cherehani wa miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa Machakos. Kwa miaka kumi na mitatu niliishi Gatwekera, Kibera, na mke wangu Mwende, aliyeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mlangoni petu. Haya ninayoandika sijamwambia mtu yeyote...

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, Mwende alipimwa presha katika zahanati karibu na mtaa wa Ayany. Nesi alimpima mara mbili, akabadilisha mkono akapima tena, kisha akampa vidonge na kumwonya asiviache.

Mimi ndiye niliyemkataza! Nilimwambia dawa za presha ukizianza umefungwa nazo hadi kaburini, basi heri usizianze. Huumwi popote, vidonge vya nini? Akanisikiliza. Akavitupa.

Kisha matokeo yakatangazwa na mtaa ukawaka. Vijana wenye mapanga waliziba njia, wakiuliza watu majina. Sisi Wakamba, tuliodhaniwa kupigia kura upande wa pili, tukawa wa kusakwa. Watoto walikuwa mashambani kwa sikukuu, Mungu ashukuriwe. Tukajifungia ndani, wawili tu.

Siku ya tatu asubuhi, Mwende alilia kwamba kichwa kinapasuka. Akatapika. Nikadhani ni moshi wa vitoa machozi vya polisi, kwani nani hakuwa na macho mekundu siku hizo? Adhuhuri akaniuliza kwa nini nimezima taa. Jua lilikuwa linapenya kila tundu la bati!

Halafu akili ikaanza kumtoka... Kiswahili chote kikampotea. Akawa anaita kwa Kikamba, kwa sauti kubwa, "Manzi! Manzi!" Nilimpa maji, akayamwaga, akaendelea kuyaitisha. Nje, hatua chache tu, vijana walikuwa wakipita.

Ningefanya nini? Nilimziba mdomo kwa mkono. Alipigana nami, nami nikambana mpaka wakapita. Jioni nikamziba tena.

Mama Atieno, jirani yetu Mjaluo aliyeuza maji, alisikia. Akagonga bati.

"Baba Kioko, huyo mama ni mgonjwa. Fungua nimtoe."

Nikamjibu amelala.

"Analala akipiga nduru? Wacha ujinga, bwana! Hawa vijana wote wananijua. Nikisema ni dadangu, nani ataniuliza?"

Sikufungua. Miaka tisa tulikuwa tumekula pamoja na mama huyo, lakini siku hiyo nilimwona kama mtego. Nilijibanza gizani, mkono wangu juu ya mdomo wa mke wangu... mpaka jirani akaondoka.

Kesho yake Mwende alishikwa na degedege, mwili mzima ukitetemeka, macho yamepinduka. Hapo ndipo nilipofungua mlango na kumwita jirani!

Mama Atieno hakunilaumu. Alimlaza kwenye mkokoteni wake wa mitungi, akamfunika kwa leso aliyokuwa amejifunga. "Wewe sukuma, na usifungue mdomo," akaniambia.

Kwenye kizuizi kijana mmoja akamtania, "Mathe, leo unauza nini?"

"Nauza adabu, na wewe huna pesa ya kununua! Toka njiani, dadangu anakufa!"

Wakacheka, wakatupisha. Hakuna aliyetugusa. Hakuna! Njia niliyoiogopa siku nne, tuliipita kwa dakika chache.

Katika hospitali moja Kawangware, daktari alinieleza kwamba presha ilipanda hadi ubongo ukavimba, hasa sehemu ya nyuma inayotuwezesha kuona. Ni jambo la nadra, alisema, na wengi wakiwahiwa macho hurudi. Mwende hakuwahiwa. Figo nazo zilikuwa zimekufa.

Tulihamia kwa dada yangu hapo Kawangware. Mwende aliona vivuli tu. Miguu ilivimba, kisha uso. Nilikaa kando yake nikitazama, nisiweze lolote.

Siku moja akili ilipotulia, aliniuliza, "Baba Kioko, wale vijana waliingia siku gani? Mmoja alinishika mdomo, karibu nikate pumzi. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamdanganya kwamba nilikuwa nimeenda kutafuta maji.

Akanipapasa uso, akaniambia nisijilaumu... Siku nne baadaye alifariki, akiamini mkono ule ulikuwa wa adui.

Wasomaji wenzangu, presha haingoji uumwe ndipo ikuue. Ukipewa dawa, meza, na asikukataze mtu, hata akiwa mumeo! Na jirani akigonga kutaka kukuokoa, tafadhali, fungua. Mimi nilimwogopa kila mtu aliyekuwa nje, na aliyemmaliza Mwende alikuwa ndani.